Dumu Ni Tangi la Kwanza la Ndege

Pampu ya uwanja wa ndege ina chujio njiani, ina kitenganishi cha maji, ina mtu aliyechukua sampuli asubuhi, na bomba lake lina mdomo wa kipenyo maalumu ili mafuta ya jeti yasiingie kwenye tangi la petroli. Ukibeba mafuta kwa dumu, vyote hivyo umeviacha nyuma. Umebaki na dumu, faneli na macho yako.

Kwa sababu hiyo mimi nalihesabu dumu kuwa tangi la kwanza la ndege. Linastahili kukaguliwa, kuchukuliwa sampuli na kufunikwa kama tangi la bawani. Wengi hutegemea faneli yenye chujio iwafanyie kazi yote, nami naona hapo ndipo kosa linapoanzia. Chujio liwe mlinzi wa mwisho. Likikuta maji au takataka nyingi, ujue kuna hatua ya nyuma iliyoharibika, na hatua hiyo ndiyo ya kurekebisha.

Nazungumzia zaidi ndege ndogo za injini ya pistoni zinazotumia avgasi (petroli maalumu ya ndege) au petroli ya magari, zinazojazwa kwa madumu ya lita 20. Zile zenye injini za dizeli zinazotumia Jet A-1, yaani mafuta ya jeti, nitazitaja pale mambo yanapotofautiana.

Maji hujificha wapi

Maji hukaa ndani ya mafuta kwa hali tatu. Yapo yaliyoyeyuka, hayaonekani, na hakuna wavu wala ngozi ya kuchujia itakayoyatoa. Yapo yaliyotawanyika kama vitone vidogo mno, yanayoyafanya mafuta yaonekane na ukungu. Kisha yapo maji huru, yaliyolala kitakoni. Hali hizi hubadilika moja kuwa nyingine. Mafuta yakipoa, sehemu ya maji yaliyoyeyuka hujitenga, vitone hukutana, hukua, huzama. Kwa hiyo dumu lililojazwa kwenye joto la mchana na kulala mahali pa baridi linaweza kukutwa na maji asubuhi bila tone la mvua kuingia.

Dumu lililojaa nusu ni baya zaidi, maana hewa iliyo juu ya mafuta hutanuka mchana na kusinyaa usiku. Mfuniko usiobana sawasawa huruhusu hewa yenye unyevu kuingia kila inaposinyaa, na unyevu huo hugeuka umande kwenye kuta za ndani kisha ukateremka chini. Wiki kadhaa za namna hiyo zinaweza kuacha matone ya maji kitakoni.

Hata matone ni mengi. Kabureta hupitisha petroli katika tundu lenye upana wa milimita 1 hivi. Tone la maji likifika hapo hunata kwa mvutano wa uso wake. Haliungui na halipiti kirahisi. Injini hukohoa au hunyamaza. Tena mara nyingi hilo hutokea dakika za mwanzo baada ya kupaa, kwa sababu maji yaliyokuwa yametulia kwenye kona ya tangi yametikiswa na mwendo wa ardhini na kuinuka kwa pua, yakapata njia ya kufikia bomba.

Habari njema ni kwamba maji ni mazito. Lita moja ya avgasi ina kilo 0.72 hivi, lita ya Jet A-1 kilo 0.8, lita ya maji kilo 1. Yakiachwa yatulie, yatazama yenyewe. Kanuni inayotumika sana ni dakika 15 kwa kila sentimita 30 za kina cha avgasi, na dakika 60 kwa kina hicho hicho cha Jet A-1, ambayo ni nzito zaidi na yenye mnato, hivyo vitone hushuka polepole. Dumu la lita 20 lililosimama lina kina cha sentimita 45 hivi. Kwa avgasi hiyo ni dakika 25 bila kuguswa. Kwa Jet A-1 ni saa moja na nusu hivi. Pipa la lita 200, lenye kimo cha karibu sentimita 88, linahitaji robo tatu ya saa kwa avgasi na saa 3 kwa Jet A-1.

Dumu lililotoka kuteremshwa garini baada ya barabara mbovu ni kama chai iliyokorogwa. Ukilimimina hapo hapo, kila kilichokuwa kitakoni kinaelea katikati. Basi literemshe, liweke lisimame wima karibu na bawa mahali utakapolitumia, kisha nenda kakague ndege. Ukimaliza ukaguzi, muda umeshatimia.

Dumu lenyewe

Dumu la chuma la muundo wa jerikeni ya kijeshi, uliobuniwa Ujerumani miaka ya 1930, bado ni chombo kizuri sana: lina nafasi ya hewa juu, mdomo mpana na mfuniko wa kubana kwa mkono. Udhaifu wake ni kutu na rangi ya ndani inayobanduka. Ili kuangalia ndani ya dumu tupu usitumie tochi ya kawaida mdomoni. Mvuke wa petroli bado umo. Tumia kioo kidogo kuelekeza mwanga wa jua ndani. Ukiona mabaka ya kahawia au vipande vya rangi vilivyojikunja, dumu hilo limemaliza kazi ya ndege.

Dumu la plastiki haliliwi na kutu, ni jepesi, na likiwa la rangi hafifu unaona kiwango cha mafuta. Lakini liwe limetengenezwa kubebea petroli. Dumu la maji au la mafuta ya kupikia hulainika, huvuja kwenye mshono, na huachia mabaki yake ndani ya petroli. Tatizo jingine la plastiki ni umemetuli, yaani chaji ya umeme inayojikusanya na kutoa cheche, nitalirudia.

Epuka vyombo vyenye ndani ya zinki au shaba, hasa kwa Jet A-1, kwa kuwa madini hayo huharibu mafuta yanapokaa pamoja. Angalia pia mpira wa mfuniko. Mpira uliozeeka hupasuka na kumeguka, na vile vipunje vyeusi vinavyokutwa kwenye sampuli mara nyingi vimetoka hapo. Mpira mpya ni kitu kidogo. Badilisha kabla haujaanza kutoa makombo.

Dumu jipya nalo si safi. Lina mafuta ya kiwandani, vumbi la kulehemu au nyuzi za plastiki. Tia nusu lita ya mafuta yale yale utakayolibebea, funga, litikise kwa kila upande likiwa limelala na likiwa wima, kisha mimina kwenye chupa ya kioo angavu. Rudia mpaka chupa isionyeshe kitu. Kwa kawaida ni mara tatu.

Kisha dumu hilo libaki na mafuta ya aina hiyo moja maisha yake yote. Liandike kwa maandishi makubwa pande mbili: AVGAS 100LL (avgasi yenye risasi kidogo), au petroli ya magari, au JET A-1, pamoja na tarehe ya kujazwa. Nasisitiza hili kwa sababu faneli huondoa ile kinga ya vipenyo vya mabomba. Faneli hupokea chochote. Lililowahi kubeba dizeli, mafuta ya taa, sabuni au dawa ya shambani lisirudi kwenye ndege hata likioshwa. Mabaki ya dizeli hushusha oktani (kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo bila kulipuka ovyo), na mabaki ya sabuni huharibu kitu kingine ambacho wengi hawakifikirii: huyafanya maji yashikamane na mafuta kama maziwa, yasizame, na wavu wa kuzuia maji ushindwe kuyazuia.

Wakati wa kujaza dumu, liweke chini ardhini. Usilijaze likiwa ndani ya gari, hasa juu ya sakafu ya plastiki au zulia, maana chaji ya umeme haina pa kwenda. Mdomo wa bomba uguse mdomo wa dumu muda wote. Jaza lita 19 katika dumu la 20. Petroli hutanuka kwa karibu sehemu 1 katika 1,000 kwa kila digrii 1 ya joto. Ikipanda digrii 20, lita 20 zinaongezeka kwa karibu mililita 400, nazo zitatafuta pa kutokea.

Kujua kilichomo

Rangi ni hatua ya kwanza tu. Avgasi ya 100LL ni ya buluu, ile ya zamani ya 100 ni ya kijani, Jet A-1 haina rangi au ina umanjano wa majani makavu. Weka sampuli mbele ya karatasi nyeupe, usiiangalie dhidi ya anga, kwa sababu anga la buluu hulidanganya jicho.

Jet A-1 kidogo ndani ya avgasi haibadilishi rangi kwa kiasi cha kuaminika, na injini itawaka vizuri kabisa, tena itapaa, kabla mafuta yaliyopungua oktani hayajaanza kuiharibu kwa milipuko ya ovyo ndani ya silinda. Kipimo ni rahisi: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe isiyo na gundi. Avgasi hukauka haraka bila kuacha alama ya grisi. Jet A-1 au dizeli huacha doa linalong'aa kama la mafuta ya kula. Weka kando yake tone la avgasi unayoijua ili ulinganishe.

Kwa petroli ya magari tatizo ni ethanoli, pombe inayochanganywa humo. Chukua mrija wa kioo wenye alama 10, tia maji mpaka alama ya 1, ongeza petroli mpaka alama ya 10, ziba, tikisa, acha dakika 10. Mpaka wa maji ukibaki kwenye 1, hakuna ethanoli. Ukipanda, ethanoli imehamia kwenye maji. Petroli yenye ethanoli ya asilimia 10 itaupandisha mpaka huo karibu na alama ya 2. Ndege ambayo nyaraka zake haziruhusu ethanoli isipewe mafuta hayo. Hata pale inaporuhusiwa, ujue mchanganyiko huo hubeba maji yaliyoyeyuka mpaka karibu asilimia 0.5, kisha yakizidi au baridi ikiongezeka, ethanoli na maji huanguka chini kwa pamoja kama tabaka moja, na petroli inayobaki juu ina oktani pungufu. Mafuta yaliyofika hapo hayaokolewi kwa kuchuja.

Sampuli ya dumu ichukuliwe kutoka chini. Mrija mwembamba wa kioo unaozibwa kwa kidole juu unatosha: uteremshe ukiwa umezibwa mpaka uguse kitako, fungua kidole, ziba tena, inua. Krimu ya kupimia maji nayo ni msaada mkubwa. Paka ncha ya kijiti safi cha mbao, simamisha kitakoni kwa nusu dakika, na kama kuna maji rangi ya krimu itabadilika mpaka kiwango kilipofika.

Ukiwa na chupa ya sampuli mkononi, izungushe mpaka mafuta yafanye kimbunga kidogo katikati. Uchafu na maji hukusanyika chini ya ncha ya kimbunga hicho. Ukiona ukungu, subiri uone unaondoka vipi. Mafuta yakianza kuwa angavu kutoka chini kwenda juu, yalikuwa mapovu ya hewa. Yakianza kuwa angavu kutoka juu kwenda chini, ni maji yanayoteremka. Kisha jicho lina mpaka wake: chembe ndogo kuliko mikroni 40 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) halizioni, kwa hiyo sampuli inayong'aa inakuambia kwamba hakuna uchafu mkubwa, basi.

Cheche

Petroli inayotiririka, hasa ikipita kwenye chujio ambako inagusa eneo kubwa la nyuzi au wavu, hujikusanyia chaji. Mvuke wa petroli huhitaji cheche ndogo sana kuwaka, ndogo kuliko ile unayoisikia kwenye kidole ukigusa kitasa siku kavu. Kwa hiyo dumu, faneli na ndege viwe na waya mmoja unaoviunganisha ili visitofautiane kiwango cha umeme. Klipu ya ndege ishike chuma kitupu, kama pete ya kufungia ndege au bomba la moshi lililopoa. Rangi ni kizuizi. Waya uunganishwe kabla mfuniko wa tangi haujafunguliwa, na uondolewe baada ya mfuniko kufungwa. Mpangilio huo una maana yake: cheche ya kuunganisha au kutenganisha ikitokea, itokee wakati hakuna mvuke unaotoka tangini.

Dumu la plastiki haliunganishwi kwa waya, kwa kuwa plastiki haipitishi umeme. Klipu utakayoiweka kwenye mpini ni pambo. Kwa hiyo dumu la chuma ndilo ninalolipendekeza, pamoja na faneli ya chuma au ya plastiki nyeusi iliyotengenezwa kupitisha umeme. Kama plastiki ndiyo iliyopo, unganisha faneli na ndege, gusisha mdomo wa dumu kwenye faneli kabla ya tone la kwanza, mimina polepole, usiache mafuta yaanguke kutoka juu, usilipanguse dumu kwa kitambaa kikavu, na usivae koti la nailoni. Kizima moto cha poda kiwe mahali mkono unafika. Radi ikisikika, acha.

Kumimina

Pangusa eneo la mfuniko wa bawani kabla ya kuufungua. Vumbi lililokaa kwenye kile kishimo cha mfuniko huanguka lote tangini mara unapouzungusha, na baada ya mvua kishimo hicho huwa na maji. Upepo wenye vumbi ukivuma, geuza ndege au simama wewe uwe kinga. Mvua ikinyesha, ngoja.

Dumu lililojaa avgasi lina zaidi ya kilo 14 pamoja na uzito wake lenyewe, na kulinyanyua juu ya bawa la juu ukiwa kwenye ngazi ndiko kunakolitikisa. Pampu ya mkono au mrija wa kunyonyea hutatua mengi kwa mpigo: dumu linabaki limetulia chini (au mahali palipo juu kuliko tangi, kama ni mrija), na mdomo wa kunyonya unakaa sentimita 3 hadi 5 juu ya kitako. Pampu iwe na chujio la mikroni 5, na lile lenye kiini kinachovimba kikinywa maji ni bora zaidi, kwa kuwa likishiba maji hufunga njia. Mtiririko ukipungua, chujio linasema jambo. Libadilishe, kisha tafuta maji yametoka wapi. Kulitoa ili kazi iende haraka ni kuyapeleka maji hayo kwenye kabureta.

Anayemimina kwa mkono aache lita ya mwisho ndani ya dumu. Hiyo ndiyo iliyobeba mashapo. Imwage kwenye chupa ya kioo, iangalie, na iende kwenye matumizi mengine yasiyoruka.

Faneli yenye wavu wa chuma cha pua uliopakwa Teflon hupitisha petroli na kuyaacha maji kwenye kibakuli chake cha chini. Ijaribu kabla ya siku ya kazi: tia maji safi peke yake, yasipite hata tone, kisha ikaushe kabisa. Ioshe kwa mafuta safi tu, kamwe si kwa sabuni. Mimina kwa kiasi ambacho faneli inakimeza bila kufurika, na kila baada ya dumu angalia kibakuli. Kinachobaki humo usikirudishe.

Ngozi laini ya kuchujia, ile ya mnyama, ilitumika miaka mingi na bado hufanya kazi, kwa sharti moja gumu: lazima ilowe petroli kwanza. Iliyolowa petroli huyakataa maji. Iliyokwisha kulowa maji huyapitisha. Ngozi ya bandia ya kukaushia magari hunywa maji na kuyaachia upande wa pili, haifai kabisa. Hata ngozi halisi huacha nyuzi na hukusanya umemetuli, ndiyo maana siku hizi naichagua faneli ya wavu.

Pipa la lita 200

Pipa lililosimama wima nje hukusanya mvua juu ya kifuniko chake. Usiku, pipa likipoa, ndani huwa na mvuto, na maji yale hunyonywa kupitia nyuzi za vizibo hata vikiwa vimekazwa. Liweke limelala, vizibo vyote viwili vikiwa kwenye mstari mmoja wa mlalo, kama saa 9 na saa 3 kwenye uso wa saa, vikiwa chini ya kiwango cha mafuta. Kizibo kinachovuja kitaonekana mara moja. Kabla ya kulitumia lisimamishe, liegemeze kidogo kwa kipande cha ubao upande wa kizibo cha kunyonyea, mashapo yakimbilie upande wa pili, na uliache mpaka kesho yake. Bomba la kunyonya liishie sentimita 5 juu ya kitako. Pipa la Jet A-1 lililokaa muda mrefu likagulie pia ute mweusi au wa kahawia: ni kuvu anayeishi kwenye mpaka wa maji na mafuta, na kumzuia ni kuondoa maji hayo.

Baada ya kufunga mfuniko

Subiri tena, kwa kanuni ile ile ya dakika 15. Kisha toa sampuli kwenye kila valvu ya chini ya tangi na kwenye chujio la injini, angalau mililita 100 kila moja, maana mililita chache huishia kuonyesha kilichokuwa kwenye bomba la valvu tu. Kuna mtego hapa: kikombe kilichojaa maji matupu kinaonekana angavu na safi mno. Kwa hiyo tafuta rangi ya buluu, nusa, na kama una shaka dondosha tone la maji ndani. Likizama na kubaki kama shanga, hayo ni mafuta. Likitoweka, umeshika maji.

Ndege yenye gurudumu la mkiani hulaza maji sehemu ya nyuma ya tangi, wakati mwingine mbali na valvu. Tangi la mpira lenye mikunjo huyashika kwenye mikunjo hiyo. Tikisa mabawa juu na chini, shusha na kuinua mkia, subiri, toa sampuli tena. Ukipata maji, endelea kutoa mpaka vikombe vitatu mfululizo viwe safi. Yakiendelea kuja, tangi lifunguliwe na fundi. Baadaye endesha injini ardhini dakika kadhaa kwa tangi ulilolijaza, kwa nguvu ya kutosha kuyamaliza mafuta yaliyokuwa njiani, kabla ya kuingia kwenye njia ya kurukia.

Nawa mikono, kwani 100LL ina risasi hadi gramu 0.56 kwa lita. Faneli ikikauka itie kwenye mfuko safi unaofungwa, mdomo wa pampu uzibe, na madumu matupu yafungwe vifuniko vyake yakiwa bado yana harufu ya petroli.